Kukusanya rekodi za Randy Weston ukiwa Mombasa: anzia hapa

Kila nikitaja jina la Randy Weston maswali ni yaleyale. Nianze na ipi, mbona African Cookbook ziko mbili, ninunue santuri ama CD, mzigo ukifika ntalipa nini, na mbona santuri zangu zaota ukungu. Basi nayajibu yote hapa kwa mpigo mmoja, na nakuomba usome mpaka chini kabla hujatuma pesa popote.

Kwa asiyemjua, kwa ufupi tu. Weston ni mpiga piano wa jazi, alizaliwa Brooklyn, New York mwaka 1926 na akafariki 2018. Babake alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu weusi duniani, na alimlea akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika, ila kazaliwa Marekani tu. Alienda Lagos 1961 na tena 1963, alafu 1967 akazunguka nchi kadhaa za Afrika na bendi yake, mwisho akaamua kuhamia Morocco, akafungua klabu yake Tangier akaiita African Rhythms. Muziki wake wote wafuata safari hiyo, na ndio maana inafaa kuukusanya kwa mpangilio, sio kuokota okota.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote: kusanya kwa kikao cha kurekodi, usikusanye kwa jalada. Kikao ni ile siku na pale mahali watu walipoingia studio wakapiga. Jalada labadilika, lebo (yani kampuni inayoitoa) yabadilika, hata jina la albamu labadilika, lakini kikao ni kilekile. Kwa Weston hili ndilo litakalokuokolea pesa, utaona hapo mbele.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari, ama spredishiti kwa simu, vyovyote bora usitegemee kichwa
- Hedifoni nzuri kiasi (spika ya simu haitoi besi, na huyu mzee mkono wake wa kushoto ndio utamu wenyewe)
- Simu yenye tochi kali
- Kadi ya kulipia nje, hata ile ya Visa ya M-Pesa yatosha
- Sanduku la posta ama ofisi yenye mtu wa kupokea mzigo
- Kabati ama rafu mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopata unyevu
- Kama wataka santuri: mashine ya kuchezea, amplifaya na spika. Usinunue santuri hata moja kabla ya kusoma hatua ya 5

1. Sikiliza kwanza, na uanze na Uhuru Afrika

Hii haina mjadala kwangu. Uhuru Afrika ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Kenya ilikuwa bado, Tanganyika bado. Sasa weka hedifoni, zima feni kama waweza kuvumilia joto, alafu sikiliza mwanzo wake. Zaingia ngoma, alafu yaingia sauti ya mtu akisoma Kiswahili. Ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati ule, yuwasoma shairi la uhuru la Langston Hughes, mshairi mweusi wa Marekani, kwa lugha yetu, juu ya bendi kubwa ya wanajazi wa Marekani. Weston alitaka lugha moja ya Kiafrika ya kusemea bara zima na akachagua Kiswahili. Sehemu zake zaitwa Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues, yani vichwa vingine huhitaji hata kuelezwa.

Angalia pia waliomo. Kwenye ngoma pekee yake yuko Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido wa Kuba, Max Roach, Armando Peraza, Charlie Persip. Yuko Yusef Lateef, yuko Freddie Hubbard, yuko Ron Carter. Na aliyepanga sauti zote hizo zisigongane ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye alifanya kazi na Weston miaka mingi, na jina lake ukiliona nyuma ya jalada lolote la Weston basi hio nunua bila wasiwasi. Serikali ya makaburu kule Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hii 1964, waliisikia vizuri inasema nini.

Onyo: usiisikilize vipande vipande kwa kurukaruka. Ni kitu kimoja kilichokatwa sehemu nne, na ukianzia katikati utaona ni kelele za bendi kubwa tu.

2. Fungua daftari lako

Kabla ya kununua, chora safu hizi: tarehe ya kikao, mahali, waliopiga, jina la albamu ya kwanza, lebo ya kwanza na mwaka, majina mengine iliyotolewa nayo baadaye, unayo kwa namna gani (santuri, CD, faili), hali yake, bei uliyolipa. Basi. Safu ya tarehe ya kikao ndio ya kwanza na ndio utakayopangia, usipangie kwa mwaka wa kutolewa. Mfano Berkshire Blues ilirekodiwa 1965 lakini ikatoka 1977. Monterey '66 ilikaa mpaka 1994 ndipo ikatoka. Ukipanga kwa mwaka wa kutolewa utadhani mzee mwaka 1977 alirudi kupiga kama zamani, kumbe ni kanda zilikuwa zimelala.

3. Nunua nguzo kwanza, nakshi baadaye

Watu wengi huanza kwa kununua chochote chenye jina Weston alafu pesa zaisha na hawana zile za maana. Mimi ningekwenda hivi:

Uhuru Afrika na Highlife. Hizi mbili ziliwahi kutolewa pamoja kwa CD moja, jina lake Uhuru Afrika/Highlife, toleo la lebo ya Roulette la 1990. Ukilipata hilo umemaliza kazi mbili kwa bei moja. Highlife ni ya 1963, baada ya kwenda Lagos, na ndani yake kuna Niger Mambo ya Bobby Benson wa Nigeria na Mystery of Love ya Guy Warren wa Ghana. Hapa ndipo waona kwamba hakuwa akiiga ngoma za Afrika kwa mbali, alichukua nyimbo za watunzi wa Afrika wenyewe na akawaandika majina yao.

Kabla ya hizo, Little Niles ya 1958, imeitwa kwa jina la mwanawe, ambaye baadaye alijiita Azzedin na akawa mpiga ngoma kwenye bendi ya baba. Na kama wataka kuona Afrika ilianza lini kwake, tafuta ile ya trio (bendi ya watu watatu) ya 1955 na Art Blakey, kuna wimbo waitwa Zulu. Miaka mitano kabla ya Uhuru Afrika tayari alikuwa ashaanza.

Alafu The Spirits of Our Ancestors, ya 1991, CD mbili, Melba Liston tena, Dizzy Gillespie yumo, Pharoah Sanders yumo. Baadhi ya nyimbo zake kubwa za zamani azipiga upya humu, Blue Moses, African Cookbook. Kama ni mtu wa kununua moja tu maishani na Uhuru Afrika imekukosa, chukua hii.

Piano peke yake: Marrakech in the Cool of the Evening, aliirekodi 1992 ndani ya hoteli ya La Mamounia kule Marrakech. Hii ni ya usiku. Alafu kuna zile tatu za Portraits za 1989, moja ya nyimbo za Monk, moja za Ellington (wote wapiga piano wakubwa wa jazi), moja zake mwenyewe, ila hizo sio piano peke yake, bendi ipo.

Na Wagnawa wenyewe, wale wanamuziki wa Morocco wenye asili ya kusini mwa Sahara: The Splendid Master Gnawa Musicians of Morocco, nayo ya 1992. Tahadhari, hapa Weston mwenyewe apiga kidogo sana, ni Wagnawa na guembri yao (ala ya nyuzi tatu yenye sauti ya besi) na zile karkabu za chuma za kugonganisha mkononi. Wapo walionunua wakitaraji piano wakakasirika. Mimi nasema nunua, maanake ukishaisikia hio ndio mkono wa kushoto wa Weston wakuelea, ile besi inayozunguka palepale kama guembri.

Hizi zatosha mwaka mzima. Za mwisho mwisho kama The Roots of the Blues ya 2013, yeye na saksafoni ya Billy Harper wawili tu, zapatikana kwa urahisi na haziendi popote, usizikimbilie.

4. Mitego ya majina (usiruke hatua hii)

Mtego mkubwa ni African Cookbook. Kuna albamu mbili tofauti kabisa zenye jina hilo. Moja ilirekodiwa 1964, Weston akaitoa kwa lebo yake mwenyewe, Bakton, ikiitwa Randy. Mwaka 1972 lebo ya Atlantic wakaitoa tena wakaiita African Cookbook. Ya pili ilirekodiwa Paris 1969, ikatolewa na Polydor, nayo jina ni African Cookbook. Sa muuzaji aandika "Randy Weston African Cookbook" na picha imekatwa nusu, we walipa, yaja ile ambayo ushakuwa nayo kwa jina jingine.

Namna ya kujua bila kubahatisha: angalia waliopiga. Ukiona Booker Ervin kwenye saksafoni, ni ile ya 1964. Ukiona Henri Texier kwenye besi na Art Taylor kwenye drami, ni ile ya Paris. Hakuna saksafoni kwa ile ya Paris, ni piano, besi, drami na ngoma. Zote mbili nzuri, zote mbili uzitafute, lakini ujue unanunua ipi. Na ile ya Paris ina ndugu yake, Niles Littlebig, zilirekodiwa pamoja.

Mtego wa pili ni kudhani wimbo mmoja ukijirudia basi ni rekodi ileile. Sivyo. Hi-Fly, Little Niles, Berkshire Blues, amezipiga tena na tena miaka na miaka, na kila mara kivyake. African Cookbook ya Monterey 1966 na ya 1991 ni safari mbili tofauti. Wimbo kujirudia kwa Weston sio hasara, ni ndio faida ya kumkusanya. Ukazilinganisha waona mapigo yake ya sita sita yazidi kulegea na kuwa mazito, na mtu aliyekulia chakacha hapa Pwani hatapata taabu kuyafuata hata kidogo.

Mtego wa tatu, albamu ya Blue Moses ya lebo ya CTI ya 1972. Ni maarufu, iliuzwa sana, na ina piano ya umeme ambayo Weston mwenyewe hakuipenda. Wengi huanza nayo kwa sababu ni rahisi kupata alafu wanaambia watu Weston ni mtu wa funki. Inunue, Freddie Hubbard apiga vikali mno humo, lakini isiwe ya kwanza.

Mtego wa nne ni zile CD za bei rahisi za Ulaya zinazobana albamu nne kwa CD mbili. Nyingi zimetolewa kutoka kwa santuri, sio kanda za asili, na maelezo ya waliopiga huwa haba. Za kusikilizia sawa, kwa daftari lako ziandike kando.

5. Santuri, CD ama faili? Na habari ya umeme

Kwa mtu anayeanza hapa Mombasa, nasema CD. Joto, unyevu na chumvi ya bahari haviziumizi sana, posta yake ni nafuu, na Weston wa miaka ya 90 alitoa kwa CD sanasana. Ukishapata CD inakili kwa kompyuta kwa fomati ya FLAC, ambayo haipunguzi sauti, sio MP3, na uweke nakala mbili sehemu mbili tofauti. Faili ziite kwa tarehe ya kikao mwanzo, mfano 1960-11 Uhuru Afrika, zitajipanga zenyewe.

Kama moyo wako uko kwa santuri, sikukatazi, lakini sikiliza habari ya mashine. Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Mashine kutoka Uingereza yaingia moja kwa moja, hata plagi ni ileile. Mashine kutoka Marekani ni volti 120 na hezi 60. Watu wanunua transfoma wakadhani imeisha. Transfoma yarekebisha volti, hairekebishi hezi. Mashine nyingi za zamani mota yake yafuata hezi za umeme, kwa hivo ya Marekani hapa itazunguka polepole, badala ya mizunguko 33 na kidogo kwa dakika itakwenda kama 28, na piano ya Weston itasikika kama imelewa. Kabla hujalipa muulize muuzaji: yafanya kazi kwa hezi 50? Akikwepa swali, achana nayo.

6. Tafuta hapa karibu kwanza

Ukweli ni kwamba Weston wa asili hapa mjini ni bahati. Santuri za nyumba za zamani hapa ni taarab, za lebo ya Mzuri na nyinginezo, na za Kihindi, jazi chache. Lakini tazama pale vitu vya mitumba vinapouzwa, uliza wazee wa Mji wa Kale na Makadara waliofanya kazi melini, mabaharia walileta santuri nyingi sana za nje. Nairobi pale Soko la Kenyatta kuna kibanda cha santuri, waweza kuulizia kwa simu na ukaletewa kwa basi.

Adabu ya jambo hili: ukienda nyumba ya mtu kuangalia santuri za marehemu, usianze na bei. Kaa, unywe kahawa, uliza marehemu alipenda nini. Na kama kuna taarab humo usiwaambie hazina thamani ili wakuuzie jazi kwa bei ya kutupa. Zina thamani, waambie ukweli.

7. Kuagiza nje

Discogs, tovuti ya kuuziana rekodi, ndio sehemu ya kuanza. Tafuta albamu, alafu ingia kwa toleo lenyewe hasa, sio ukurasa wa jumla, usome nchi, mwaka na namba ya katalogi. Alama za hali ya santuri: VG ni Very Good, G ni Good. VG+ ndio ya chini kabisa ningenunua bila kusikia. VG itakuwa na mikwaruzo unayoisikia, na kwa piano peke yake kila mkwaruzo utausikia. G, licha ya jina lake, haina uzuri wowote, iache.

Mwandikie muuzaji akutumie picha ya lebo (hapa ni ile karatasi ya katikati ya santuri) na ya ile sehemu tupu karibu na lebo, palipokwaruzwa namba. Hio namba ndio kitambulisho cha toleo, jalada laweza kubadilishwa.

Ushuru: mzigo ukifika watu wa forodha wakadiria ushuru juu ya bei ya kitu pamoja na nauli yake, alafu kuna VAT ya asilimia 16. Kwa hivo santuri ya bei ndogo yenye nauli kubwa yaumiza mara mbili. Dawa yake ni kuagiza kadhaa kwa muuzaji mmoja, ukusanye na marafiki. Usimwambie muuzaji aandike ni zawadi ama apunguze bei kwa karatasi, mzigo ukipotea utalipwa ile bei ya uongo, na ukishikwa ni shida nyingine. Weka risiti yako kwa simu, utaulizwa.

8. Ikifika

Usiicheze papo hapo. Iache ndani ya boksi lake usiku mmoja ipoe na ikae sawa na hewa ya nyumba. Alafu itoe, ishike kwa ukingo, washa tochi ya simu uilaze karibu sawa na santuri, mwanga upite juu yake kwa ubapa. Mikwaruzo yote itajitokeza. Igeuze polepole. Mkwaruzo unaofuata mzunguko usiudharau, waweza kuikwamisha sindano, na unaokata mzunguko kama njia ya panya ndio utakaogonga kila raundi. Piga picha, linganisha namba za pale karibu na lebo na za Discogs, andika daftarini. Kama si yenyewe, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo.

9. Kuosha na kuweka

Maji ya bomba ya hapa yana chumvi, yataacha madoa meupe ndani ya mifereji. Tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri yauzwa petroli stesheni, lakini soma chupa vizuri mno, asidi ya betri pia yauzwa palepale na chupa zafanana. Tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, pangusa kufuata mzunguko, suuza, kausha kivulini. Lebo isilowe.

Onyo kubwa: spiriti ama alkoholi usipake kamwe kwenye zile santuri nzito za zamani za 78. Zitayeyuka. Kwa nyumba za hapa zimo nyingi na watu huziosha pamoja na LP, yani hizi santuri za kawaida.

Kuweka ni wima, kama vitabu, hazilazwi moja juu ya nyingine. Mifuko laini ya ndani ya politini ni sawa, ile ya plastiki nene inayonata toa. Miezi ya kaskazi usiache hata dakika kwenye gari, na mvua za mwaka zikianza tia vile vipakiti vya kukausha unyevu vya kwenye boksi za viatu, uvibadilishe. Fungua rafu upeperushe siku za jua.

Ukikwama

*Santuri yaruka palepale.* Safisha sindano kwanza, uchafu hujikusanya. Ikiendelea angalia uzito wa mkono, usiweke sarafu juu yake kama wafanyavyo watu, itachimba santuri.

*Sauti yatoka upande mmoja.* Hapa Pwani mara nyingi ni kutu kwenye zile pini za waya nyuma ya amplifaya. Zima umeme, zichomoe, zisugue kwa kitambaa kikavu, zirudishe. Santuri kuwa ya mono sio sababu: za miaka ya 50 nyingi ni mono na hazina mgawanyo wowote, lakini sauti yake yatoka sawa pande zote mbili.

*Piano yasikika kama yayumba.* Ama mota, ama tundu la katikati ya santuri halijakaa sawa. Jaribu santuri nyingine. Ikiyumba nayo, huenda ni mkanda wa mashine umelegea kwa joto, badilisha mkanda.

*Jalada lina ukungu.* Litenge na mengine leo leo. Litoe santuri, pangusa jalada nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, lianike kivulini penye upepo, sio juani. Santuri yenyewe ioshe na uipe mfuko mpya, ule wa zamani tupa.

*Nimepata CD, nyuma yake hakuna majina ya waliopiga.* Sikiliza ala. Kuna saksafoni? Kuna kinanda cha umeme? Kuna ngoma za mkono? Linganisha urefu wa kila wimbo, dakika na sekunde, na zile za Discogs. Nyimbo tatu zikilingana kwa sekunde, umeshajua kikao, andika.

*Muuzaji kanyamaza.* Fungua malalamiko ndani ya muda uliowekwa na tovuti, usikubali kuhamia WhatsApp na usitume pesa za pili "za kuachilia mzigo" kwa mtu yeyote. Ushuru walipwa kwa njia rasmi na wapewa risiti.